Landrova ya Babu: Iyeyushwe Iwe Sufuria au Irudi Barabarani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni dogo, lakini katika nyumba moja huko Akeri limekaribia kuwagawa watoto na baba yao. Jambo lenyewe ni gari bovu.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Barua yake imeandikwa kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Anasema nyuma ya nyumba yake, chini ya mparachichi, kuna Land Rover 109 ya mwaka 1972, ile ndefu ya milango mitano, aliyoachiwa na marehemu mkwewe. Haijatembea tangu mwaka 2003. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuja mara mbili na mizani yao. Watoto wake wanne, wote wenye kazi mjini, wanasema iuzwe, kisha mzee aongezee kidogo kutoka kiinua mgongo chake anunue gari dogo la Kijapani lililotumika. Mzee hataki. Anataka kuifufua, iwachukue wajukuu kwenda kanisani Jumapili, na siku nyingine ibebe ndizi kwenda soko la Tengeru. Lakini anajua pia kwamba fedha ya uzeeni ni moja, na ikiliwa na gari haitarudi. Anauliza: je, gari hili linastahili? Na kama si hili, ni gari gani la zamani la kubebea familia ambalo mtu wa Arusha anaweza kulifufua bila kufilisika?

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako tumeisoma na kuijadili hapa studio zaidi ya mara moja. Kabla ya kuijibu naomba unipe nafasi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu gari la kufufua haliwezi kuchaguliwa vizuri na mtu asiyejua gari hilo lilifikaje hapa na nani alilitengeneza miaka yote hiyo.

Gari la kwanza la familia kuonekana kwenye miteremko ya Meru halikuwa na injini. Mnamo mwaka 1904 na 1905, wakati Boma la Wajerumani hapa Arusha lina miaka michache tu tangu lijengwe, walifika Makaburu kutoka kusini mwa Afrika na magari yao makubwa ya mbao yaliyokokotwa na ng'ombe. Mke, watoto, kuku na vyombo vyote vilikuwa ndani. Reli ilichelewa kufika Arusha mpaka mwaka 1929. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliyetaka kusafirisha kitu kizito alitegemea ng'ombe, punda au vichwa vya watu, na baadaye malori machache yaliyokwama kila masika.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma. Kampuni ya Rover ilitafuta kitu cha kuuza nchi za nje, na mkuu wake wa uhandisi, Maurice Wilks, alikuwa na shamba ambako alitumia gari la jeshi la Kimarekani, Jeep. Kutokana na Jeep hiyo likazaliwa wazo la gari la shamba la Kiingereza. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa bati la chuma lilikuwa adimu, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Chesisi peke yake na sehemu chache ndizo zilizokuwa za chuma. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo linaloleta watu wa mizani Akeri leo.

Katika Tanganyika ya wakati ule gari lilikuwa alama ya mamlaka. Wenye magari walikuwa maofisa wa serikali, walowezi, wamisheni na wafanyabiashara wachache. Mwananchi wa Meru alilijua gari kwa kulipisha njia. Tukumbuke kwamba ni miaka mitatu tu baada ya maonyesho yale ya Amsterdam, mnamo Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Watu wa kizazi hicho hawakuwa na magari, lakini waliweza kumpeleka mtu wao upande wa pili wa dunia. Ndio hao hao ambao baadaye, kahawa ilipoleta fedha na Uhuru ulipopatikana, walianza kununua magari yao wenyewe. Kwa hiyo babu wa Kimeru aliyenunua Landrova hakununua chombo cha usafiri tu. Alikuwa anavuka mstari uliokuwa umechorwa na wengine.

Dunia ya nje iliijua Arusha kwa njia nyingine. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iliyoitwa kwa neno la Kiswahili, "Hatari!", iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne, na sehemu yake kubwa ilipigwa katika nyika za kwetu na Momella. Ndani yake utaona magari yakikimbiza vifaru na twiga. Tangu hapo mgeni akiona gari la zamani lenye magurudumu manne yanayosukuma, anafikiria mawindo na utalii. Sisi tunayakumbuka magari hayo kwa mambo mengine: mama mjamzito kukimbizwa Nkoaranga usiku wa manane, magunia ya kahawa, jeneza la ndugu aliyefia mjini, na maharusi wakipungiwa mikono.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 gari la binafsi lilianza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Kiongozi aliyejifaharisha kwa gari aliitwa mbenzi, na kundi lake wabenzi. Landrova iliponea chupuchupu lawama hiyo kwa sababu ilihesabiwa kuwa gari la kazi. Jeshi lilikuwa nayo, polisi walikuwa nayo, bwana shamba, bwana mifugo, hifadhi za taifa na misheni wote walikuwa nayo. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mji wa mkoa ulipata mafundi waliojifunza gari moja hilo hilo.

Halafu ikaja miaka ya dhiki. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa hapa Arusha ikavunjika. Kwa miaka karibu saba, mpaka Novemba 1983, njia ya Namanga ilikuwa imefungwa, na spea zilizozoeleka kutoka Nairobi zikakatika. Katikati ya miaka hiyo ikatokea vita vya Kagera, na magari mengi ya raia na mashirika yakachukuliwa kwenda vitani. Mafuta yalikuwa ya kupanga foleni, na kulikuwa na kipindi ambapo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili mchana bila kibali.

Wasikilizaji wa umri wangu tulikuwa wadogo sana au hatujazaliwa. Lakini tulikua tukiwaona mafundi waliotokana na dhiki ile. Walichonga bushi kwa mti mgumu au kwa mpira wa tairi kuukuu. Walitoa springi ya lori na kuikata iwe ya Landrova. Gasketi waliikata kwa boksi la karatasi ngumu. Hakuna chuo kilichowafundisha hayo. Mpaka ulipofungwa walibaki na mikono yao tu, na mikono ikajifunza.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Mpaka ulikuwa umefunguliwa pia. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa, magari yake yalipigwa mnada. Hapo ndipo Landrova nyingi zilipotoka mikononi mwa ofisi na kuingia mikononi mwa watu. Nyingine ziliishia kubeba abiria kwenda minadani na machimboni Mererani, mahali ambapo vifodi vya mjini visingethubutu. Na mwaka 2011, wakati maelfu ya wagonjwa walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, magari mengi ya zamani yaliyokuwa yamesahauliwa yalifunguliwa boneti, yakawashwa na kuingia safari ile ngumu. Tuache mjadala wa dawa yenyewe. Nasema tu kwamba barabara ile iliyameza magari mapya mengi, na mikweche ikarudi.

Mnamo Oktoba 2024 mji wetu ulifanya tamasha la Land Rover, kwa shabaha ya kuipita rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Magari kwa mamia yalijipanga, ya rangi zote na ya miaka yote. Wengi tulishangaa jinsi yalivyo mengi. Mimi nilishangazwa zaidi na waendeshaji, kwa kuwa wengi walikuwa vijana waliorithi.

Sasa, mzee wangu, tuje kwenye uchaguzi.

Mtu wa Arusha anayetafuta gari la zamani la familia ana makundi manne ya kuchagua. La kwanza ni hilo lako, Land Rover ndefu. La pili ni Peugeot ya bodi ndefu, 404 au 504, ambayo wazee wetu waliiita Pijo. La tatu ni Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1970 na 1980. La nne ni mchanganyiko wa Kombi za Volkswagen na pikapu.

Nianze na Pijo, kwa sababu watu wa rika lako wanaipenda sana na wana haki. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Ushindi ule uliuza magari kuliko tangazo lolote. Pijo ya familia ilikuwa na safu tatu za viti zinazotazama mbele, na ilipita juu ya mashimo kwa ulaini ambao Landrova haujui hata kwa ndoto. Kwa starehe ya wajukuu Pijo inashinda.

Tatizo lake ni kwamba Pijo haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Kutu ikiingia sakafuni na pembeni, gari zima limeugua, na tiba yake inataka fundi wa kuchomelea mwenye subira na vipimo sahihi. Difu ya 404 nayo ni ya mtindo wake, meno yake yanafanana na skrubu, na ikifa hutaweza kuazima ya gari lingine. Ufaransa iliacha kutengeneza 404 mwaka 1975, ingawa Kenya iliendelea kuunganisha pikapu zake kwa miaka mingi baadaye. Ukipata 504 nzima, iliyokaa bandani, yenye mwenyewe aliyeitunza, ichukue. Ukipata iliyolala mvuani miaka ishirini, mwachie mwingine.

Land Cruiser ndiye mfalme wa Arusha ya leo. Aliyesimama Mnara wa Saa asubuhi ya msimu wa watalii ameona jinsi zinavyopita zikielekea mbugani. Magari ya mfululizo wa 70 yalianza mwaka 1984, na mafundi wetu wameyajua kiasi cha kuyakata chesisi na kuyarefusha yabebe watalii wengi zaidi. Injini zake za dizeli ni ngumu na spea ziko kila duka. Lakini hapo hapo ndipo penye kikwazo cha mtu wa kiinua mgongo. Kwa kuwa kila kampuni ya utalii inaitaka, hata iliyochakaa ina bei ya gari zima. Zile za zamani zaidi, mfululizo wa 55 uliotoka mwaka 1967 na wa 60 uliotoka mwaka 1980, zinafaa familia kabisa, ila bodi zake ni za chuma na kutu huzipenda, na vioo na urembo wake wa ndani ni shida kuvipata. Na asidhani mtu kwamba ataagiza ya zamani kutoka ng'ambo kwa urahisi. Gari lililozidi umri wa miaka kumi hutozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini.

Kombi nitaisema kwa kifupi. Ni gari la furaha, injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutoboka. Lakini miguu ya dereva na abiria wa mbele iko mahali ambapo gari lingine lingekuwa na injini ya kuwakinga. Kwa barabara yetu ya Moshi, yenye malori na pikipiki zinazochomoka kila upande, sitampendekezea mtu mwenye wajukuu. Pikapu nazo ni nzuri kwa ndizi, ila watoto watapanda nyuma, na mtoto kupanda nyuma ya pikapu ni mazoea mabaya ambayo yametuzikia watu wengi.

Inabaki Landrova. Sifa zake kwa mtu wa Akeri ni hizi. Kwanza, ina chesisi na bodi mbalimbali, zinazoshikana kwa nati na bolti. Mlango ukiharibika unafungua mlango, bawa la mbele likipondeka unafungua bawa. Pili, bodi ya alumini haili kutu kama chuma. Tatu, ya milango mitano ilitengenezwa kwa viti 10 au 12. Hiyo ya viti 12 ina kisa chake: sheria ya kodi ya Uingereza ililihesabu gari la viti 12 kuwa ni basi, na basi halikutozwa kodi ya ununuzi, kwa hiyo kiwanda kikabana viti viwili zaidi nyuma. Nne, ya kwako ya mwaka 1972 ni ya toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971 na kuendelea hadi 1985, lenye giaboksi inayoingia gia zote nne kwa urahisi. Matoleo ya nyuma yalimtaka dereva akanyage klachi mara mbili kuingia gia mbili za chini. Tano, ambalo kwangu ndilo kubwa, mafundi wake bado wako Unga Limited na kwingineko, na baadhi yao ni watoto wa wale wa miaka ya mpaka kufungwa.

Hasara zake nazo tuziseme wazi. Injini ya petroli ya lita mbili na robo inakunywa: ukipata kilometa sita kwa lita ushukuru. Dizeli yake inabana matumizi, ila mlima ukiwa mkali utapitwa na wenye haraka wote. Usukani ni mzito. Springi zake za mabamba zinapiga mgongo. Shafti za nyuma hukatika dereva akilazimisha. Na breki ni za ngoma, zikiloweka maji ya mto zinahitaji kukaushwa kwa kukanyagwa mara kadhaa kabla ya kuaminiwa.

Kwa hiyo, mzee, usianze na injini. Watu wengi hupotea hapo. Wanaweka betri, gari linawaka, furaha inawajaa, fedha inatoka, na mwezi wa tatu wanagundua chesisi imeoza. Anza chini. Tafuta fundi mwaminifu, lale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Aangalie hasa mwamba wa nyuma unaofunga chesisi, mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi, na masikio ya springi. Kisha apande juu atazame ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, ambao ni wa chuma na hupenda kuoza kwenye pembe za chini. Pale alumini inapokutana na chuma atazame kama kuna unga mweupe, maana metali hizo mbili zikikaa na unyevu hulana.

Kama chesisi ina vidonda viwili vitatu, inachomelewa. Kama imeoza urefu mzima, basi jibu limepatikana na lisikuumize. Lakini hata hapo usimwite mtu wa mizani. Milango, giaboksi, difu, vioo na mabawa ya 109 vina wanunuzi wanaovitafuta, na gari likiuzwa vipande litakupa fedha nyingi kuliko litakapouzwa kwa kilo. Alumini huyeyuka kwa joto la nyuzi 660 hivi, kiasi ambacho tanuri la mkaa linafikia, ndiyo maana wanaikimbilia. Landrova nyingi za nchi hii zimekwisha kupikiwa ugali.

Chesisi ikipita, gawa kazi katika mafungu, na usiingie fungu la pili kabla la kwanza halijakwisha na kulipwa. Fungu la kwanza ni chesisi na springi. La pili ni breki, zote, pamoja na mabomba yake, na usukani. La tatu ni injini, klachi na giaboksi. La nne ni nyaya za umeme, kwa kuwa nyaya za miaka hamsini huleta moto. La tano ni viti na mikanda. Rangi ni ya mwisho kabisa. Gereji inayokushauri upige rangi kwanza inakuandalia gari la kupigia picha.

Juu ya mikanda naomba nikazie. Gari hilo lilitengenezwa wakati ambao watu hawakuwaza sana usalama wa abiria wa nyuma. Viti vile vya ubavuni, vinavyotazamana, watoto wanavipenda kwa sababu wanachekana njia nzima. Lakini gari likigonga, mtoto aliyekaa ubavu hana kinachomzuia. Weka safu ya kati na, ukiweza, ya nyuma itazame mbele, na mikanda ifungwe kwenye chuma, isifungwe kwenye bati la alumini. Wajukuu wakizidi idadi ya mikanda, wengine wasubiri safari ya pili. Kanisa la Akeri si mbali.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliuliza, nami nalisema kwa heshima. Umeandika kwamba gari ni la marehemu mkweo. Je, kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, na mirathi haijafungwa, basi kisheria unataka kumwaga kiinua mgongo chako kwenye mali ya warithi. Leo ni chuma chini ya mparachichi na hakuna anayeitaka. Siku itakapopita Usa River inang'aa, utashangaa mashemeji watakavyoongezeka. Kaeni kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi atambulike mahakamani, umilikaji uhamishwe, na uende TRA mapema ujue usajili wake umesimamaje. Namba ya injini na ya chesisi zilingane na zilizoandikwa kwenye kadi. Hayo yote yafanyike kabla ya kununua hata plagi moja.

Na watoto wako, mzee wangu, usiwaone maadui. Wanaona baba yao ana fedha moja na umri mmoja, na wanaogopa. Hofu hiyo ina haki. Wape hesabu wazi. Waambie kiasi ambacho uko tayari kukipoteza, kiandike, na ukifika hapo usimame, hata kama imebaki rangi tu. Kama kiasi hicho ni zaidi ya robo ya akiba yako, mimi nitasimama upande wao. Matibabu ya uzeeni hayangoji gari limalizike. Nao wachangie, kwa fedha au kwa mikono. Mjukuu mmoja aliyemaliza kidato cha nne apelekwe akae na fundi kipindi chote cha matengenezo.

Hili la mwisho ndilo ningependa wasikilizaji wote walichukue, hata wasio na gari. Wale mafundi walioitengeneza nchi hii mpaka ulipofungwa sasa ni wazee. Wengi wao hawakuandika chochote. Wanajua kwa sikio kwamba difu inakaribia kufa, na kwa kidole kwamba mafuta yamechakaa. Tunasema elimu ya jadi ikipotea ni hasara, tukifikiria mitishamba na hadithi za bibi. Namna ya kukata springi ya lori ikae kwenye Landrova nayo ni elimu ya jadi ya Tanzania, na umri wake ni miaka arobaini na zaidi. Gari linalofufuliwa likiwa na kijana kando ya fundi linalipa mara mbili. Likifufuliwa na fundi mzee peke yake, siku atakapofariki gari litarudi chini ya mparachichi.

Kwa hiyo jibu langu, mwalimu, ni hili. Kati ya magari yote manne niliyoyataja, la kukufaa ni hilo ulilo nalo, kwa masharti matatu: chesisi ipite mtihani wa nyundo, mirathi ifungwe, na hesabu iwekewe kikomo mbele ya watoto. Sharti moja likishindikana, liuze kwa vipande kwa moyo mweupe, na ununue hilo dogo la Kijapani. Hakuna aibu. Mkweo alilinunua ili watu wake wafike waendako, na hata gari dogo linafikisha.

Kwa leo naishia hapo. Wenye maoni, na hasa mafundi wa zamani wenye kumbukumbu za miaka ile ya Namanga kufungwa, tuandikieni. Tungependa kuwasikia na kuwaweka hewani. Mpaka juma lijalo, endesheni kwa uangalifu.